Barua Elfu Nne Kikapuni

"Hivi ni kweli ulikalia kiti cha ofisi siku mbili ukakataa kuinuka, mpaka mkuu wako akawa anaongea na wewe amesimama mlangoni kama mgeni?"

Swali hilo aliliuliza jirani wa Mama Bahasha, mshonaji, kupitia ukuta mfupi unaotenganisha nyua zao, pini mbili zikiwa bado zimebanwa kwenye midomo. Mama Bahasha alikuwa anaanika mashuka. Alibana la mwisho kwenye kamba, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga, ndipo akajibu.

"Siku mbili ni uongo. Ni mbili na nusu."

"Na chooni je?"

"Chooni nilikwenda. Nilimwachia kiti Babu Plasta."

Jirani alizitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. Alikuwa na haki ya kushangaa, maana mwanamke anayezungumzwa hapa si mgomvi. Mtaani anajulikana kwa sauti ya chini. Mtoto wa mtu akivunja chungu chake cha maua, humwokota mtoto kwanza, maua baadaye. Kwenye ibada hukaa mstari wa nyuma ili asimzibe mtu. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, husema kwamba katika ndoa ya miaka thelathini na nne amewahi kumsikia mkewe akipaza sauti mara moja tu, na siku hiyo lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kuku wake.

Mtu wa namna hiyo alifikaje kumkatalia mkuu wake?

Mama Bahasha ni karani wa karakana ya miguu ya bandia. Darasa lake ni la saba, mwandiko wake ni wa duara, unaosomeka hata bila miwani. Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha vitambaa vya plasta. Siku moja karani wa wakati ule aliugua, na mtu pekee aliyejua barua ipi iende kliniki ipi alikuwa yule muosha vitambaa. Wakampa bahasha azirambe na kuzifunga. Hakurudi tena kwenye karai. Jina likaja lenyewe.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya juu. Meza za kazi zimepangwa mistari miwili, kila meza na jiliwa lake la kubania kazi, na kwenye rafu ya ukutani miguu imesimama kwa ukubwa wake, kuanzia ule wa mtoto wa miaka minne hadi ule wa mtu mzima. Vumbi la plasta halikauki hewani. Mfanyakazi wa pale hujulikana kwa nywele, ni nyeupe kabla ya umri.

Chini ya kila meza kuna kikapu, na hivi vikapu vina sheria yake. Fundi akikata ngozi, kipande kinachobaki hakiendi nje. Kinakwenda kikapuni. Mkanda uliofupishwa, kikapuni. Sponji, skrubu iliyopinda kidogo, kikapuni. Kesho yake mtu akihitaji kipande cha ngozi cha upana wa vidole viwili hakati ngozi mpya. Anainama, anapekua. Kumwaga kikapu cha mwenzako bila kumuuliza ni ugomvi wa wiki nzima, na wapo waliowahi kununiana mwezi kwa sababu hiyo.

Kompyuta ilipoletwa ofisini, miaka kumi na moja iliyopita, mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa unadhifu. Kila jioni alipita nyuma ya kiti cha Mama Bahasha, mikono mgongoni, akatazama skrini. Barua iliyokwisha kushughulikiwa hakutaka kuiona kwenye orodha ya zilizoingia. "Orodha iwe safi kama sahani," alikuwa akisema. Jinsi ya kuisafisha hakumfundisha mtu. Mama Bahasha alitafuta mwenyewe. Pembeni mwa skrini akaona picha ndogo ya kikapu, na chini yake neno la kigeni asilolijua. Akaburuta barua moja, akaitupia pale. Orodha ikawa safi. Akafungua kikapu, akaikuta barua imelala ndani salama. Akatabasamu, akasema kumbe hata hawa watu wa kompyuta wanafanya kama sisi.

Tangu siku hiyo barua zote zilizokwisha kazi zilikwenda kikapuni.

Na hizo barua hazikuwa salamu. Karakana huwatengenezea watu walio mbali, wengine mwendo wa siku mbili. Muuguzi wa kliniki ya huko humpima mgonjwa kigutu chake, ile sehemu ya mguu iliyobaki, mduara wa juu, wa kati, wa chini, urefu, unene wa ngozi, anakichora kwa mkono, anaupiga picha mchoro na kuutuma kwa barua pepe. Fundi huku anauchukua mchoro huo na kujenga mguu. Mguu ukichakaa, mgonjwa hapimwi upya kama mwili wake haujabadilika. Kliniki hupiga simu tu, na Mama Bahasha huinama kikapuni, akapekua, akachapisha mchoro ule ule. Watu zaidi ya elfu nne walikuwa ndani ya kile kikapu, na nakala nyingine hapakuwa nayo, hata kliniki hazikutunza. Programu ya barua iliyokuwa kwenye kompyuta ile ilikuwa ya mtindo wa kuzishusha barua zote ndani ya kompyuta na kuziondoa kule zilikotoka.

Sasa basi. Makao makuu waliandika kwamba programu ile ya barua imezeeka. Walioitengeneza wameacha kuihudumia, matundu yake hayazibwi tena, wezi wa mtandaoni wanaweza kupenya. Ofisi zote ziwekewe mpya, na ya zamani iondolewe ifikapo Ijumaa saa sita mchana. Agizo lilikuwa la haki, Mama Bahasha mwenyewe alilisoma mara mbili na kuliafiki.

Jumatano asubuhi akaja fundi wa kompyuta. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye tumbo la heshima na kalamu tatu mfukoni. Kila alipoulizwa swali alijibu, "Bofya tu." Kwa hiyo ofisi zote alizozihudumia zilimwita Bofya, naye aliitika.

"Mama, mashine yako ni mzee mwenzangu," alisema akivuta kiti. "Leo tunaivisha nguo mpya."

"Ivishe. Ila ya zamani usiivue kabla mpya haijakaa sawa."

"Mama, hii kazi nimeifanya ofisi ishirini na mbili."

Aliweka programu mpya. Ilikuwa nzuri kwa kweli, herufi kubwa na rangi tulivu. Akabofya hapa na pale, mpya ikazivuta barua kutoka kwa ya zamani, na mwisho ikaandika kwamba uhamishaji umekamilika. Bofya akapiga makofi mara moja. "Nikitoka kunywa chai naiondoa ile kuukuu, nasafisha mashine, naondoka."

Akatoka. Ndipo simu ikalia.

Ilikuwa kliniki ya mbali, na aliyepiga ni muuguzi mpya, sauti yenye wasiwasi. Mwalimu wa darasa la kwanza wa huko, mama wa watoto watatu, mguu wake wa bandia umepasuka kwenye kifundo. Amefundisha wiki nzima amekalia meza, na watoto wadogo, kama ujuavyo, hawamsikilizi mwalimu aliyekaa. Yule muuguzi aliyejua kupima vigutu amehamishwa, mwingine haji mpaka baada ya miezi mitatu. Je, karakana inaweza kutengeneza mguu kwa vipimo vya zamani? La sivyo mwalimu itabidi asafiri siku mbili kwa magongo.

"Asisafiri," Mama Bahasha alisema. "Vipimo vyake ninavyo. Subiri nikuhakikishie."

Akafungua programu mpya. Akatafuta jina la mwalimu. Hakuna. Akatafuta jina la kliniki, zikaja barua mbili za mwezi huo. Akaangalia chini ya orodha, mpya ilikuwa na barua mia sita na kumi na moja tu, zilizotumwa na zisizokwisha kazi. Akafungua ya zamani, akainama kikapuni. Mwalimu alikuwepo, amelala mahali pake, na chini ya kikapu iliandikwa elfu nne mia tatu na kumi na mbili.

Alimwambia muuguzi atampigia baadaye. Kisha akamngoja Bofya, mikono mapajani, mpaka aliporudi anafuta mdomo.

"Barua zangu hazikuja zote."

"Haiwezekani. Imeandika imekamilika."

"Imeandika. Lakini za kwenye kikapu hazikuja."

Bofya akainama kutazama. Akatazama tena. Uso wake ukaanza kutetemeka, na kicheko kikamtoka. "Mama. Hilo ni pipa la taka. Umeweka barua za ofisi kwenye pipa la taka?"

Sauti yake ilifika karakana. Mafundi wawili walichungulia mlangoni, nao wakashikwa na kicheko. Mmoja akasema basi mgonjwa wake ameishi jalalani miaka yote hii bila kunuka. Mama Bahasha aliona masikio yakimwaka moto. Miaka kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Naye hakuuliza.

"Programu mpya haibebi taka," Bofya aliendelea akijifuta macho. "Na mimi kwenye mashine yoyote, kazi yangu ya kwanza ya kusafisha ni kumwaga hilo pipa. Nashukuru Mungu nilitamani chai kwanza."

"Na mimi namshukuru," alisema Mama Bahasha. "Umemaliza kucheka?"

"Karibu."

"Ukimaliza, zihamishe."

Bofya akaangalia saa. Hapo ucheshi ukapungua. Alikuwa na ofisi nyingine tatu kabla ya Ijumaa. Barua elfu nne zenye picha, kwa mashine ile, si kazi ya dakika tano. Kwanza zinakiliwe pembeni, kisha zitolewe kwenye pipa, kisha zivutwe. Agizo lake halikutaja kuokoa taka. Agizo lake lilitaja kuondoa programu. "Mama, nipishe kidogo kwenye kiti," alisema kwa upole. "Niondoe hii, halafu wewe uwaandikie kliniki wakutumie tena."

Hapo ndipo Mama Bahasha alipokaa.

Kukaa alikuwa amekaa tangu mwanzo, lakini sasa alikaa kwa makusudi. Aliburuta kiti mpaka tumbo likagusa meza, akaweka mkono mmoja juu ya kipanya, na kimoyomoyo akaomba: Ee Mungu, ulimi wangu uufanye mwepesi na mwili wangu uufanye mzito.

"Sikupishi," alisema.

Bofya akaenda kumwita Mkuu.

Mkuu wa sasa ni mtu wa haraka, mwenye tai hata siku za joto, na si mtu mbaya. Ila simu ya makao makuu humfanya asimame wima hata akiwa peke yake ofisini. Alifika mlangoni, akasimama hapo, maana ndani hapakuwa na nafasi ya watu watatu na Bofya alikuwa keshaijaza.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mkuu. Naomba barua zihame kabla nyumba haijabomolewa."

"Barua zipi? Fundi ananiambia ni taka."

"Fundi anaziita taka. Mimi naziita miguu."

"Mpishe fundi afanye kazi yake. Hili ni agizo."

"Agizo nimelisoma, linasema iondolewe. Halisemi watu wapotezewe vipimo. Nitampisha sasa hivi, ila kuna kitu kidogo." Akavuta karatasi nyeupe, akaandika kwa mwandiko wake wa duara, bila haraka, huku wote wakimngoja. Alipomaliza akaigeuza waisome.

Iliandikwa: Mimi ninayetia sahihi hapa chini nimefuta vipimo vya watu elfu nne mia tatu na kumi na wawili kwa kujua. Yeyote kati yao mguu wake ukivunjika, nitakwenda mimi mwenyewe kumpima kwao.

"Atie sahihi mmoja wenu," alisema. "Yeyote. Kalamu tatu hizo hapo mfukoni kwake."

Bofya aliisoma, akakuna shingo. "Mimi ni wa kompyuta, mama. Sijui kupima kigutu."

"Utafundishwa."

Mkuu naye aliisoma. Akaishika kwa ncha za vidole kama kitu chenye moto, akairudisha mezani. "Huu ni utovu wa nidhamu," alisema, lakini kalamu hakuomba.

Mlangoni nyuma yake akatokea Babu Plasta, fundi mkongwe wa miguu, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Hakuwa amecheka na wenzake. "Dada," alisema akimpita Mkuu kwa ubavu, "nimesikia kuna mwalimu anangoja. Mchoro wake upo au haupo?"

"Upo, Babu. Kikapuni."

"Basi nani anataka kukimwaga?" Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa macho ya mtu aliyewahi kununa mwezi mzima. Akavuta kigoda akaketi kando ya Mama Bahasha, akafungua kitabu chake cha kazi kana kwamba ofisi ile ilikuwa yake tangu zamani.

Siku hiyo iliishia hapo. Mama Bahasha aliifunga kompyuta, akafunga na mlango, ufunguo akauweka ndani ya sidiria. Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Wakikufukuza je?"

"Watanifukuza vipimo vikiwepo."

"Mimi nilikuwa nasema tu," alisema mumewe, akaenda kumchemshia maji ya kuoga, jambo ambalo hulifanya akishindwa hoja.

Alhamisi aliwahi kabla ya mlinzi kufungua geti la pili. Akakaa. Saa tatu Bofya akatokea, uso umekunjwa, mkononi ana kiboksi cheusi chenye waya.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Karatasi yako imeniharibia siku. Nimeshindwa kuitia sahihi, kwa hiyo nimeleta diski."

"Karibu, baba. Vuta kigoda."

"Kiti hunipi?"

"Kiti bado."

Bofya alifanya kazi amesimama, amejipinda juu ya bega lake kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake kwenye basi. Na kwa kuwa mkono wa kipanya ulikuwa wa Mama Bahasha, ilimbidi aeleze kila hatua, kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika ofisi zake ishirini na mbili. Kwanza walinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, barua, anwani, hata zile zilizokuwa hazijamalizika kuandikwa. Hiyo ilikula asubuhi nzima. Kisha, ndani ya programu ile ile ya zamani, Mama Bahasha akafungua folda mpya akaiita Vipimo, akazitoa barua kikapuni na kuzihamishia humo, mia mia, kila mara akitazama idadi inapungua huku na kuongezeka kule.

"Kwa nini usizihamishe zote kwa mpigo? Bofya tu," alisema Bofya.

"Wewe ukihama nyumba, unatupa vyombo vyote dirishani kwa mpigo?"

Alipokwenda chooni, Babu Plasta alikaa kitini na kuweka viganja vyake vyeupe mezani. Bofya alimwambia anachafua. Babu akasema kiti kikichafuka kitafutwa, vipimo vikifutwa havirudi tena.

Jioni programu mpya ikaivuta folda ya Vipimo. Usiku kucha iliachwa ivute yenyewe, mlango umefungwa, na Ijumaa asubuhi Mama Bahasha alipofungua, namba zilikuwa zimesimama. Elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Bofya akaweka mikono kiunoni. "Imelingana, mama. Hata moja haijapungua. Saa hizi ni saa mbili na nusu, tunaondoa kuukuu, saa tatu mimi niko kwingine."

"Ngoja nifungue."

"Namba zimelingana."

"Mguu haujengwi kwa namba ya barua."

Akafungua moja. Maneno yapo, mchoro upo. Akafungua ya kliniki nyingine. Sawa. Akaenda kliniki kwa kliniki, na alipofika kwa mwalimu wa darasa la kwanza, maneno yalikuwepo, salamu ilikuwepo, na mahali pa mchoro palikuwa na kiboksi cheupe. Akabofya kiboksi. Hakikufunguka. Akafungua barua ya jirani yake mwalimu. Kiboksi cheupe.

Safari hii Bofya hakucheka. Aliinama, akapekua ndani ya mipangilio kwa muda, akafyonya. Programu mpya ilikuja na kiwango, alieleza. Kiambatisho kikizidi ukubwa fulani inakiacha nyuma, inaleta barua tupu. Hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu katika ofisi zote hizo hakuna aliyewahi kufungua barua za zamani mbele yake. Aliposema hivyo vidole vyake vikaanza kugonga meza kimoja kimoja. Pengine alikuwa anazihesabu zile ofisi.

"Kiwango hicho kinaondoleka?"

"Kinaondoleka. Lakini tunarudia kuvuta upya. Ni saa tano au sita za kazi."

"Basi turudie."

Saa sita mchana ikapita juu yao namna hiyo. Saa sita na dakika kumi Mkuu alikuwa mlangoni, simu mkononi, tai imelegea.

"Mama, makao makuu wana orodha. Ofisi zote ni kijani, sisi tu ndio wekundu. Wananiuliza nina karani au nina mkuu mwenzangu."

"Waambie una karani."

"Programu ile ni hatari. Wezi wakiingia leo ni juu yangu."

Hilo lilikuwa neno la maana, na Mama Bahasha hakulipuuza. Akamgeukia Bofya. Bofya akajikuna shingo, kisha akainama nyuma ya kompyuta na kuchomoa waya wa intaneti. Akaushika juu, wote wauone. "Mkuu, hapa hakuna mwizi atakayepita. Kuvuta barua ndani kwa ndani hakuhitaji mtandao. Waya unarudi ile kuukuu ikishaondoka."

Mkuu aliutazama waya, akamtazama Bofya kama mtu aliyesalitiwa na mwamuzi. "Na wewe?"

"Mimi nimeviona vile viboksi vyeupe, Mkuu."

"Mama, hii naiandikia onyo. La maandishi. Litaingia kwenye faili lako, na umebakiza miaka miwili ustaafu. Inuka sasa hivi na siliandiki."

Kule karakana hata jiliwa lililokuwa likilia liliachwa. Mama Bahasha aliongeza mkono wa pili juu ya kipanya. Miaka yote faili lake lilikuwa jeupe. Alifikiri habari za faili, akafikiri habari za mwalimu aliyekalia meza mbele ya watoto wa miaka saba.

"Andika, Mkuu," alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Uweke na tarehe. Mimi naendelea kukaa."

Mkuu aliondoka. Babu Plasta akasogeza kigoda karibu zaidi, akamenya chungwa, akampa nusu.

Saa kumi jioni uvutaji ulikwisha. Mama Bahasha hakuangalia namba kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, akafungua, na mchoro ukatokea ukajaza skrini: kigutu cha kushoto kilichochorwa kwa kalamu ya bluu, vipimo sita pembeni yake, na chini kabisa maneno ya muuguzi aliyehamishwa, "ngozi laini upande wa ndani, tafadhali wekeni sponji."

"Sponji," alisema Babu Plasta, akanakili kwenye kitabu chake. "Hilo ningelisahau."

Hawakuishia hapo. Walifungua za kila kliniki na za kila mwaka, kubwa kwa ndogo, mpaka Bofya mwenyewe akawa ndiye anayesema, "Ngoja mama, fungua na ile pale." Viboksi vyeupe havikuonekana tena. Wakatazama na anwani. Ndipo Mama Bahasha akasukuma kiti nyuma, akainuka. Kiuno kilimlia kama bawaba. "Sasa kaa, baba. Iondoe."

Bofya alikaa. Alibofya kwa mwendo wake wa kawaida, kompyuta ikauliza kama ana hakika, akabofya ana hakika. Kikaja kisanduku kingine, kinauliza kama ifute pia barua zote na mipangilio ya mtumiaji. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kushuka kwenye ndiyo, kwa mazoea tu, kama mtu anavyozima taa akitoka. Mama Bahasha alimshika kifundo cha mkono.

"Soma."

Akasoma. Akavuta pumzi. "Hapana," alisema, na akabofya hapana.

"Mabaki yake yakae kwenye diski yako na humu ndani mpaka mwezi upite. Tukiona hatukukosa kitu, tutayafuta tukiwa tumekaa."

Programu ya zamani iliondoka bila kelele. Walizima kompyuta, wakaiwasha upya, wakarudisha waya. Mpya ilifunguka, barua zote zikiwa ndani. Mama Bahasha aliandika mistari miwili kwa ile kliniki: vipimo vipo, mguu unaanza Jumatatu. Jibu lilirudi kabla Bofya hajafunga mkoba wake.

Mguu ulichukua siku nane. Ulisafiri kwa basi ukiwa umeviringishwa ndani ya blanketi, na baada ya wiki tatu mwalimu alituma picha yake amesimama ubaoni, chaki mkononi. Mama Bahasha aliiweka kwenye folda, si kikapuni. Mafundi walikuwa bado wanamtania. "Mama, naomba unitafutie mguu jalalani," walikuwa wakisema, naye huwajibu, "Ndio huu, chukua, haunuki."

Onyo nalo lilikuja, limepigwa chapa, lina mhuri. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo yake, na alitakiwa arudishe ndani ya siku saba. Mumewe alivaa miwani akalisoma. "Andika samahani, mistari miwili, mambo yaishe. Miaka miwili ni kesho kutwa."

"Samahani ya kikapu nitaiomba," alisema Mama Bahasha. "Hilo ni kosa langu, nilikaa na neno nisilolijua miaka kumi na moja bila kuuliza. Ya kiti siiombi."

Mumewe akavua miwani, akaenda kuchemsha maji.

Mama Bahasha akaifuta meza, akatandika karatasi, akaandika kwa mwandiko wa duara. Aliomba radhi ya kikapu kwanza, bila kujitetea. Habari ya kiti aliandika kwamba ni kweli, alikikalia, na siku ikitokea tena atakikalia. Kisha akaacha mstari mmoja mtupu, akamalizia:

"Naomba programu ya zamani isiondolewe tena kwenye kompyuta yoyote ya karakana hii mpaka mtu anayeitumia kila siku ameulizwa barua zake anaziweka wapi, amezifungua kwenye programu mpya kwa macho yake mwenyewe, na ametia sahihi kwamba ameziona."